Daftari la Sahani Mbili

Siku ya kwanza hoteli haikuwa na jina.
Ilikuwa na sahani mbili za bati,
moja imebonyea kama kofia iliyokaliwa,
na sufuria ya kuazima, na sato watatu,
pale kando ya Mto Mirongo.
Mteja wa tatu akija, Evodi Katambi humwambia,
"Subiri sahani."
Ndiyo ilikuwa karibu yake.
Watu wakasubiri, wakazoeana,
wengine wakaja kuoana.
Hata alipofikisha meza kumi na moja
na feni inayolia kama mbuzi aliyefungwa juani,
ubaoni aliandika Sahani Mbili.

Mimi nilikuwa nateremka kutoka Bugando,
mwanafunzi wa uuguzi,
njaa ya zamu ya usiku imenikaa machoni.
Nikaomba mkia.
"Mkia tu?"
"Mkia tu. Kichwa ni cha wenye mishahara."
Akacheka mpaka mwiko ukamponyoka.
Akaniletea mkia
ulioanzia shingoni.

Tusimpake sukari kwa kuwa amekufa.
Pamba ikifungwa Kirumba, mchuzi ulizidi pilipili,
na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.
Alimfukuza mtu kwa kula amesimama:
"Hapa si zizini."
Kisukari alikitibu kwa ndimu.
Nilimpima mimi mwenyewe, mezani, mbele ya wateja,
nikamsomea namba, nikamkataza soda.
Akafunga kizibo taratibu, akanipisha,
nilipofika darajani nikasikia kizibo
kikifunguliwa.

Tulimvusha kwenda kwao Ukerewe, kivuko kimya,
wapishi wake watatu wamekaa chini kuzunguka jeneza
kama wanaochambua mchele.

Siku ya arobaini Adventina, bintiye, akaleta daftari.
Jalada limelowa mafuta hadi linaangaza,
ukilielekeza dirishani unaona vidole vyako.
Madeni ya miaka thelathini na zaidi,
na ndani yake hamna jina la mtu hata moja.
Gogogo wa kinyozi: ugali, nusu sato.
Ningu mwenye kwikwi: chai nne.
Furu na mdogo wake: wali. Wali tena. Wali.
Alituandika kwa samaki,
ili daftari likianguka njiani
aliyeliokota asijue nani alishindwa kulipa.

"Kamongo ni nani?" akauliza Adventina.
Wakasimama wawili.
Mmoja ana malori matatu, mwingine hana hata baiskeli,
wakagombania deni la maharage
kama wanaogombania kiwanja.
"Nilikaa na tope miezi sita bila kazi,
Kamongo ni mimi!"
"Wewe ulikuwa Mumi! Mwone na ndevu zake!"
Tukacheka msibani, hatukuona aibu.
Mjane ndiye aliyecheka wa mwisho kunyamaza.

Furu hakujitokeza.
Adventina alisoma mara mbili, akatazama mlangoni.
Furu wenyewe wamepungua ziwani siku hizi.
Mstari wao akauacha kama ulivyo,
hakuukata.

Nikajitafuta. Ukurasa wa tisa,
mwandiko umeinama kama mtu anayepuliza moto:
Mkia. Shilingi arobaini na tano.
Atalipa akiajiriwa.
Niliajiriwa, Evodi. Nimeshastaafu.
Nilikula kwako mara ngapi baada ya hapo,
nikalipa kila kitu ila hiki,
na wewe ukanyamaza, ukaniongezea mchicha.

Nikatoa noti ya elfu moja.
Adventina hakusema "acha tu, shangazi."
Ni mtoto wa baba yake.
Akavuta droo, akahesabu sarafu mezani,
mia tisa na hamsini,
akatafuta zaidi, akakung'uta droo nzima,
akaniomba radhi.
Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika:
Mkia anatudai shilingi tano.