Yakuti Isiyo na Rangi

Novosibirski, Januari. Nje, hasi thelathini na moja;
ndani ya chungu cha iridi, elfu mbili na hamsini.
Kati ya namba hizo mbili kuna ukuta, koti langu,
na Yefim Stepanovich akimenya kiazi kwa kisu kidogo.

Unga ule ulikuja kwenye gunia, mweupe kama sembe.
Sasa ni ujiuji wa moto ambao jicho haliuwezi
ila kwa kioo cheusi. Mbegu imeugusa uso wake,
inazunguka, inavutwa juu, milimita mbili kwa saa.
Konokono angeuita uzembe.

Kazi yangu haiko hapo. Iko ghorofa ya pili,
kwenye kompyuta, ambako nimeikatakata fuwele
vipande laki tatu, kila kimoja na deni kwa jirani:
joto ulilopokea, litoe; ulilobakiza, lieleze.
Hesabu zilifunga. Senti haikupotea.
Nikachora mpaka wa kuganda umelala sawa kama meza.

Yefim aliutazama mchoro huku akitafuna.
"Agniya, huyu wangu kwa chini amechongoka kama karoti."
Nikamwambia macho yake yamechoka.

Ijumaa usiku ikapasuka. Mlio mmoja, mkavu,
wa kijiti kinachovunjwa gizani. Kazi ya siku tano.
Nilishuka na ndara za nyumbani, nikachungulia,
ndipo nilipoona nilichokitazama mara mia:
shingo ya fuwele, huko juu kulikopoa, inawaka.

Nilikuwa nimeiandika kama tofali,
joto likipita kwa kubisha hodi mlango hadi mlango.
Kumbe ni dirisha. Moto wa chini unaiona baridi ya juu
na kuirukia, hausalimii mtu njiani.

Wiki tatu za mnururisho, halijoto kwa kipeo cha nne,
mashine ikikoroma, ikisusa,
mpaka saa kumi alfajiri ilipokubali
na ule mstari wangu ukazama kwenye skrini, polepole,
ukachongoka.

Karoti.

Nilichapa mchoro, nikauweka chini ya kikombe chake.
Asubuhi niliukuta na duara la chai katikati
na maneno ya penseli, mwandiko wa mtu asiye na haraka:
"Ncha iko chini zaidi. Sentimita moja hivi."