Mtalawanda Mmoja

Usiku wa kuamkia Ijumaa, Al-Khodh,
joto limegoma kutua pamoja na jua,
kiyoyozi kinakohoa ukutani kama mlinzi wa zamu,
tukakaa kutazama katuni ya Kijapani
aliyoichagua Thuwaini, miaka kumi na mmoja,
kwa kuwa picha yake ya mbele ina ndege za vita.

Katuni! Tukaandaa halua, tukakaanga karanga,
tukamwita na ami Zahran, hana kazi tangu astaafu.
Hakuna aliyetuonya.

Msichana na kaka yake, mji wa mbao na karatasi.
Ndege zikaja, zikamwaga moto kwa utulivu,
kama mtu amwagaye mchele siniani auchambue.
Wakakimbia. Njiani kikamvuka kiatu kimoja, cha mti,
na kile cha pili akakibeba mkononi
filamu nzima.
Mwisho sikwambii.
Halua ilibaki nusu sinia.

Taa zilipowashwa kila mmoja akashika lake.

Thuwaini: "Ndege zimepita dakika mbili tu!"
Kakasirika, kope zimemlowa,
akasema ni mafua, ni kiyoyozi hiki.

Ami Zahran, akipapasa tasbihi yake katikati ya mito:
"Wachoraji hodari, sikatai,
hata mvuke wa uji unausikia harufu.
Lakini vita waliianza wenyewe.
Mbona hawakutuchorea watoto wa kule
walikotangulia wao na mabomu?
Nikimlilia huyu, yule namwachia nani?"
Hatukumjibu. Alikuwa na haki,
na haki yake haikupata mahali pa kukaa sebuleni mle.

Muzna, mke wangu, kazi yake ni uhamiaji,
akamtetea mkuu wa stesheni,
yule aliyewafungia watoto mlango wa treni.
"Alipewa orodha. Hawakuwemo."
Akarudia, "Hawakuwemo,"
mara ya pili kwa sauti ndogo.

Mbeyu alikuwa kasimama mlango wa jikoni tangu mwanzo,
trei kifuani kama ngao.
Tukamuuliza na yeye.
"Kwetu Ganze wangebisha hodi," akasema.
"Watoto hawa wana haya mno."
Kisha akaomba ruhusa apige simu,
huku saa tano, kule saa nne,
wadogo zake huenda hawajalala.

Mimi nilisema muziki umezidi.
Ndivyo nisemavyo nikiiogopa sauti yangu.

Bibi Ghaniya tulidhani kalala zamani.
"Ule," akasema, macho kafumba, "ni mtalawanda."

"Bibi, ni viatu vya Kijapani, vina jina lao."

"Mtalawanda. Nilikuwa nao Ng'ambo, wa chooni,
ukitembea unagonga ko, ko, jirani anajua umeamka.
Siku tuliyotoka, nilitoka na mmoja."
Hakutaja mwaka. Nyumba hii mwaka hauulizwi.
Akafumbua macho, akaikabili runinga iliyozimwa:
"Na ule mwingine, nani kauokota?"

Tukatazamana. Wa filamu, au wake?
Thuwaini akafungua mdomo, Muzna akamfinya.

Ami Zahran akaaga kwa hasira,
akisema watu wazima kukeshea vikaragosi ni aibu,
akavaa viatu gizani, akaondoka.
Asubuhi nikaona: kiatu kimoja changu, hakipo,
kimoja chake, kipo.

Akapiga simu kabla ya sala ya Ijumaa.
"Kiatu chako nitakuletea."
Nikasema hapana haraka.
Akanyamaza, nikasikia gari zikipita upande wake.
"Yule mtoto," akasema, "walisema ana miaka mingapi?"
"Sita."
"Sita," akarudia, akakata.

Hiyo ni wiki ya pili sasa.
Kiatu chake kimoja kingali mlangoni, kimeelekea nje.
Mbeyu anafagia kukizunguka.
Bibi kakataa kisisogezwe.