Saa za Wapi

Asilimia thelathini na moja kwa mwaka.
Bwana Mundhir aliitazama ile chati ikipanda
kama ngazi za mnara, akaagiza karaki kwa ofisi nzima,
vikombe vya karatasi, harufu ya hiliki mpaka ndani ya lifti.
Mimi sikunywa.
Faida iliyonyooka vile hunitia homa.

Ghala, ghorofa ya tano. Nje nyuzi arubaini na sita,
vilima vya mawe vimekaa uchi, havina hata kijani cha kusingizia.
Ndani nimevaa sweta.
Kazi yangu ni kuirudisha mashine miaka kumi nyuma
na kuiuliza: ungenunua nini, ungeuza lini,
bila kuiachia ichungulie ukurasa wa mbele.
Ndilo sharti pekee. Usichungulie.

Siku tatu nikausoma msimbo mstari kwa mstari,
kama mtu anayechambua mchele wa harusi.
Sreekumar akasema, acha, ndugu yangu, bahati nayo ni data.
Usiku wa Jumatano nikaiona:
bei ya kufunga soko, ya saa nane mchana,
imepigwa muhuri saa nne,
kwa kuwa aliyetuuzia data huhesabu kwa Griniwichi,
nami, kwa mkono wangu huu, mwezi wa Machi,
niliisoma saa nne ya Maskati.
Mashine yetu hodari ilikuwa ikinunua asubuhi,
kwa bei ya asubuhi,
na jibu la mchana limo mfukoni.
Mwizi wa mtihani. Na mlango nimemwachia mimi.

Nikacheka peke yangu hadi mlinzi akachungulia.
Maana kwetu, Al Khoudh, saa zinagombana tangu sijazaliwa.
Mama alikuja na zake kutoka Unguja,
hakuzibadilisha alivyobadilisha pasipoti.
Alimwambia fundi wa friji, kwa Kiarabu chake, njoo saa nne;
fundi akaja saa kumi, samaki wameshaharibika.
Siku ya posa ya dada Raya
wageni wa Nizwa walitukuta na kanga za jikoni.
Toka hapo akitajiwa saa, hata na daktari,
Bi Zuwena hujibu kwanza:
za wapi?
Tulimwonea haya. Mimi hasa.

Nikarekebisha. Nikaendesha upya, kiyoyozi kinakoroma.
Ngazi ikalala chini.
Asilimia mbili nukta nne, kabla ya gharama.
Benki ingempa zaidi mtu aliyelala.

Asubuhi Bwana Mundhir alivua kofia, akaitazama ndani,
akaivaa tena.
"Wateja nimeshawaambia," akasema.
Hakuuliza ni nani.
Nikamwambia.

Mstari niliouongeza usiku ule bado upo,
juu ya fungu linalosoma bei,
kwa lugha ambayo kompyuta huiruka
na wenzangu hawaijui:
saa za wapi?
Juzi Sreekumar ameutia kwenye kitafsiri.
Akanigeukia na kiti chake, uso ameukunja,
akauliza kama kuna saa zilizopotea ofisini,
akakunja mkono wa shati kunionyesha kiwiko mpaka kiganja,
kwamba yeye
hajawahi kuvaa.