Kata

Corwin, mjukuu wa dada yangu, kaja na daftari,
kaketi mkabala nami hapa dirishani Glendale,
anataka nizipange filamu za Halvorsen,
zote kumi na moja, toka ya mkiani hadi ya kwanza.
"Kata shauri, Bibi Verna," asema. "Wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo. Miaka ishirini na miwili
chumba cha nyuma, hakina dirisha,
glavu nyeupe za pamba, mkasi, harufu ya gundi
iliyonifuata hadi kanisani.
Shauri hawakuniachia nikate. Nilikata mkanda.

Haya, andika.
Ya mwisho kabisa: *Mjane wa Laredo*.
Najua. Ndiyo iliyomletea sanamu ya dhahabu.
Farasi mia mbili, machweo matatu,
na Dolores Quintero, meza ya pili,
aliyeharibu mimba usiku wa kumi na sita wa kazi,
naye Halvorsen, mlangoni, akauliza:
"Mkanda wa nne uko wapi?"
Andika ya mwisho. Usinitajie uzuri wa mwanga.

Ya kumi na ya tisa, zile mbili za vita:
ukiziunga hutajua moja imeishia wapi.
Nilizikata mimi, nami sikujua.

*Daktari Hana Mkoba* iweke ya nane.
Inachekesha dakika arobaini,
kisha inakumbuka kwamba ina funzo.

Ya saba ile ya meli. Ya sita
siikumbuki, jaza upendavyo.

Ya tano, ya nne, ya tatu hupokezana
kwa kadiri ya magoti yangu.
Siku za baridi *Treni ya Saa Tisa Kasoro* hupanda,
maana mle ndani kila mtu ana koti.

Ya pili, *Nyumba ya Mtaa wa Alder*.
Hapo vitabu vyako nami tumepatana:
yule mwanamke na taa yake, ngazi moja inayolia,
na muziki, kwa mara moja, umefunga mdomo.

Ya kwanza ni *Fundi Kufuli*.

Usicheke. Najua siku tisa za kazi,
najua kuta za karatasi zilitikisika mlango ulipofungwa.
Hata kwenye daftari lako umeiandika pembeni, kwa penseli.
Sikiliza. Mzee Barnaby Teague, sabini na mitatu,
anamfungulia mama mmoja mlango, na ufunguo unamponyoka.
Haumo katika maandishi ule ufunguo kuanguka.
Anainama. Mgongo unakataa. Anainama tena,
na akiwa chini kule, mkono sakafuni,
anasema, "Samahani, Mabel."
Katika hadithi hakuna Mabel.
Mabel alikuwa mkewe, alizikwa Machi.

Nilikuwa nimeshatia alama ya chaki, mkasi mkononi.
Halvorsen nyuma yangu, na kikombe chake cha kahawa.
Mtu yule maisha yake yote neno lilikuwa moja:
kata. Kata mvua, kata busu,
kata huyo mtoto, analia vibaya,
kata, kabla hajamaliza mtu pumzi.
Akamtazama mzee akihangaika na ufunguo wake,
akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha.
Kahawa ikapoa.
"Acha," akasema.

Mara moja hiyo tu, Corwin, kati ya filamu kumi na moja.
Nikaweka mkasi chini. Nilipogeuka ameshaondoka,
na kikombe kiko juu ya meza ya Dolores,
meza ambayo tangu mwaka ule haikuwa na mtu.

"Lakini Bibi, hizo ni sekunde ngapi?"
Kumi na moja. Nilizihesabu fremu kwa kidole.
"Na filamu yote iliyobaki?"
Mbaya. Mbaya sana, mwanangu.
Andika moja. Kalamu ya wino.
Kisha nenda kaniwekee maji ya chai,
na huo mlango usiufunge.