Toka Juu, Mtu Ni Kofia

Lenzi niliikodi siku mbili, kwa dhamana ya kitambulisho,
shingo yake inapinda kama mtu mwenye sikio moja zima.
Gdynia, Jumanne, mawingu;
ghorofa ya kumi na mbili kwa bibi, dirisha nimelisukuma,
upepo wa Baltiki unanitoa machozi.
Nikaiinamisha nyuzi sita. Nikaongeza mbili.
Bandari ikanywea.

Ukabaki wazi ukanda mmoja tu, mwembamba kama utepe wa kufungia zawadi:
makontena, reli, malori manne.
Juu ya ukanda ukungu, chini yake ukungu.

Usiku kwenye kompyuta nikazidisha hila,
nikakoleza rangi mpaka nyekundu ikawa peremende,
nikamwonyesha.

Bibi Bogumiła alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa.
Miaka ishirini na tisa aliendesha kreni pale pale,
ndani ya kibanda cha kioo, soksi jozi mbili, chai kwenye chupa.
"Umelipia hii?" akauliza.
"Mimi nililipwa."

Nikamweleza: jicho limezoea kwamba
kitu kikiwa karibu sana, kandokando yake hufifia,
basi likiona kandokando kumefifia
huapa kwamba kitu ni kidogo.
Alinisikiliza kwa adabu, kama amsikilizavyo padri.
Kisha kidole chake kikatua kwenye kioo,
juu ya punje ya njano kando ya lori la tatu.
"Huyu kasimama vibaya."
Ni picha, Bibi.
"Kasimama chini ya mzigo, Kalina."

Januari moja, akasema,
bati la chuma tani kumi na moja, breki imeshika barafu,
na chini mfunga minyororo asiyemjua.
Toka juu, mtu ni kofia na mabega mawili,
unaweza kumfunika kwa kidole gumba.
"Lakini bati halikujua kwamba ni mdogo."
Lilisimama. Kati ya bati na bega
pangepita mkate, si zaidi.

Jioni yule mtu akapanda ngazi,
mita arobaini, bila ruhusa,
na kila kipago akizidi kukua:
kofia, nyusi, pua iliyovunjika zamani,
pumzi yenye vitunguu,
mpaka akajaa mlango wote wa kibanda,
akashindwa kutukana,
akasema anaitwa Walenty.

Hilo ndilo jina la pili la mama yangu, kwa umbo la kike.
Babu sikumkuta.

Kesho yake, kabla ya kuirudisha lenzi, nikarudi dirishani.
Bandari ile ile ya kuchezea.
Mtu wa njano, si yule, mwingine,
amesimama kuwasha sigara
na juu yake kontena linaelea, taratibu, la bluu.
Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.
Sikupiga.
Nikangoja asogee.