Safu ya Kulia

Nilipoajiriwa na Kampuni, Ruwi ilikuwa vumbi na kreni,
nami nimeshuka juzi kutoka Unguja
na Kiarabu cha chuoni,
cha kusomea msahafu, si cha kuagizia chai.
Bwana Humaid, mhasibu mkuu, akauliza: Unajua kujumlisha?
Nikasema: Baba alikuwa na duka Mkunazini.
Akanipa mashine ya chapa na safu ya kulia.

Safu ya kushoto ni maneno: mauzo, mrabaha, mabomba, mishahara.
Ya kulia tarakimu. Hizo zangu.
Miaka thelathini na mmoja nimezipanga
nukta chini ya nukta, kama meno ya kitana.

Historia ilikaa ukurasa wa pili, kila mwaka ileile:
wageni na ramani, ngamia na mahema,
visima vitatu, vyote vikavu.
Wabia wawili wakakunja mikeka wakaondoka,
aliyebaki akachimba cha nne.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame;
huyu aliinama mita elfu tatu.

Mafuta yenyewe sikupata kuyaona.
Niliyaona sifuri: sita, mwaka mwingine tisa.
Siku moja nikauliza, hilo pipa liko wapi?
Wakacheka hadi machozi.
Hakuna pipa, dada. Pipa ni hesabu.

Mwaka themanini na sita bei ilianguka
kama mtu aliyekosa ngazi gizani.
Bwana Humaid akaja, kilemba kimelegea:
Hasara hatuipigi kelele, tunaitia mabano,
ikae ndani kama mwari.
Nikachapa mabano.
Wiki ile chai ikakatwa ghorofa nzima,
na Kurian na Babu wa stoo wakarudishwa Kerala.
Bei ilipopanda, chai ilirudi.

Kisha upo mstari mmoja.
Mohsin, mume wa shoga yangu Thuwaiba,
dereva wa lori la maji. Agosti. Tairi.
Fidia yake ilifika mezani kwangu kwa karatasi ya waridi
nikatafuta pa kuiweka:
si mishahara, maana hafanyi kazi tena,
si mitambo.
Nikaiweka penye "Gharama nyinginezo"
pamoja na mazulia mapya
na karamu ya kumuaga meneja.
Nilijumlisha mara tatu, nikitaka ikatae.
Ikakubali. Hesabu haina haya.

Jana mjukuu wangu Ghaniya, naye yuko Kampuni,
kanifungulia taarifa ya mwaka kwenye simu:
michoro ya kijani, vioo vya kunasia jua,
picha ya mtoto anacheka, sijui mtoto wa nani,
faida juu, asilimia kumi na mbili.
Bibi, anasema, tumefanya vizuri.
Nikasema, teremka.
Akatelezesha kidole.
Teremka tena, mwanangu, picha hizo ziache,
chini kabisa, herufi zinapokuwa ndogo.

Tukafika.
Bado upo, palepale, jina lilelile.
Nikamwambia aniletee miwani.