Gari la Kimulimuli

Ndeshi, mtoto wa dada yangu, kaingia gereji
na daftari la kuchorea kwapani,
sweta la shule kalifunga kiunoni.
"Mjomba, nimetunga shujaa. Anaitwa Kimulimuli.
Naomba unikagulie gari lake."

Nikafuta mikono kwa kitambaa chenye dizeli.
Gari lilikuwa zuri, sitadanganya:
jeusi tii, limelala chini kama mjusi juu ya jiwe,
mabawa mawili, moto ukitoka nyuma.

"Linaishi wapi?"
"Hapa hapa Arusha."
Arusha ipi, Ndeshi? Hii ya matuta?
Tuta la kwanza pale Sakina
sampo ya oili inabaki barabarani,
Kimulimuli anamalizia kwa miguu.
Na masika je? Ule udongo mweusi wa kuelekea mbugani,
unaoshika tairi kama mdai aliyekuona sokoni?
Linyanyue. Mpe springi za kubeba, si za kujionyesha.
Mabawa toa: vichochoro vya Ngarenaro
havipitishi hata mkokoteni wenye maringo.

"Mchana anafanya kazi gani?"
"Anafundisha hesabu."
"Amepanga?"
"Chumba na sebule, Kijenge."
Basi huo moto uzime.
Mshahara wa mwalimu haununui moto,
unanunua nusu tenki, tena baada ya tarehe ishirini na tano,
na redieta ya mtumba, ukijua kubembeleza.

Alicheka, akafuta. Mavi ya ufutio yakaanguka
juu ya injini niliyoifungua tangu Jumatatu.

Rangi tulibishana.
Yeye anataka nyeusi, ya usiku.
Nikamvuta hadi getini: hesabu yanayopita.
Kaki. Kaki. Kijani cha majani makavu. Kaki.
Mji huu, mwanangu, anayetaka kujificha
anaendesha gari la watalii.
Nani atalitazama mara mbili?
Na paa letu linainuka, mimi mwenyewe nayachomelea:
watu wanasimama kutazama simba,
shujaa wako atasimama humo humo kuruka.
Macho yakamtoka. Hilo hakuwa amelifikiria.

Tukaweka jeki, koleo, dumu la maji,
betri ya pili, kamba ya kuvutia,
na swichi ya kuzima taa zote
ila moja ndogo, ya kijani, mkiani.
Hiyo ilikuwa yake. Sikuigusa.

Ndipo nikaona. Kiti kimoja.
"Ndeshi, huyu anaokoa watu?"
"Kila usiku."
"Akishawaokoa anawaweka wapi?"

Kimya. Huko nje mtu anagonga bati.

Usiku ule wa bibi yako, nikamwambia,
tulisimamisha magari kumi na moja pale Ngaramtoni.
Yalikuwa mazima yote. Mengine yalipunguza mwendo,
yakatumulika vizuri, tukaonekana,
kisha yakapata njia.
Sikumbuki hata moja lilikuwa na kasi gani.
Nakumbuka viti. Viti vitupu, vimevalishwa vitambaa.

Hakusema kitu. Aligeuza ukurasa,
akachora benchi refu, la mtu kulala,
mshipi wa kifuani, mshipi wa miguuni,
ndoano ya kutundikia dripu.
"Mlango wa nyuma unafungukia ndani au nje?"
"Ufunguke na kitasa pande zote mbili.
Aliyebebwa asije akadhani ametekwa."

Nikarudi chini ya chesisi;
la watu lilitakiwa Tarangire alfajiri.
Nilipotoka, kaondoka.
Karatasi ameibana kwenye vaisi, isipeperuke,
na gari limesimama pale, pana, la kaki,
linachosha kulitazama, kama ilivyotakiwa,
nukta ya kijani mkiani.

Pembeni, kwa herufi za kubanana:
*Fundi: Mjomba Eliakunda.
Bado anadai.*